Utamu Upitao Bandarini: Miwa, Stevia na Ardhi ya Pwani ya Kismayuu

Tangu mmea wa stevia uanze kulimwa na wakulima wadogo wa Kericho, nchini Kenya, wapangaji wa kilimo katika ukanda wetu wamevutiwa nao, na si ajabu mshauri wa sera akauliza iwapo unafaa pia katika bonde la chini la Mto Juba na visiwa vya Wabajuni. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo, kabla ya kuwa la kibotania, ni la kihistoria. Pwani hii imekwisha kuahidiwa utamu mara moja, na ahadi ile iliacha alama katika ardhi.

Kwa muda mrefu utamu wa viwandani ulifika huku kwa bahari. Periplus ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, inataja shehena zilizotoka India kwenda bandari za kaskazini ya pwani ya Somalia: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, na asali ya mwanzi iitwayo sakkhari, yaani sukari ya miwa. Kusini zaidi, Wabajuni wa Chovai, Chula na Koyama walisafirisha boriti za mikoko, magamba ya ng'amba na papa mkavu. Tende na sukari vilikuwa vitu vya kununua. Visiwa vyenyewe havikuwa nchi ya miwa. Udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima yana chumvichumvi. Hata jina Kismayuu, kwa maelezo yanayojulikana sana, linatokana na Kibajuni, kisima iyuu, yaani kisima cha juu. Mji uliopewa jina kwa kisima unatuambia mapema ni kitu gani kilichokuwa adimu.

Miwa ya kiwanda ilianza kwingine. Mwaka 1920 Mtawala wa Abruzzi, Luigi Amedeo, aliasisi kampuni ya kilimo kwenye Mto Shebelle, mahali panapoitwa leo Jowhar, na sukari ikawa zao lake kuu. Jubaland, ambayo Uingereza iliikabidhi Italia mwaka 1925, ilisubiri nusu karne zaidi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Siad Barre ilianzisha Mradi wa Sukari wa Juba huko Mareerey, karibu na Jilib, ukisimamiwa na kampuni ya Kiingereza ya Booker McConnell; kiwanda kilianza kusaga miwa mwaka 1980. Nyaraka za miradi ya aina hii hupenda kuzungumzia hekta na tani. Ardhi ile, hata hivyo, ilikuwa na wenyewe: Wagosha, wakulima wa kandokando ya mto, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa waliotoka maeneo ya Tanzania, Malawi na Msumbiji ya leo, na ambao baadhi yao wangali wanazungumza Kizigula. Walipoteza mashamba yao bila fidia ya maana, kisha wakaajiriwa humo kwa ujira. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, kiwanda kiliporwa, lakini haki ya wale wa mwanzo haikurudi pamoja na magofu.

Sukari ikarejea njia yake ya kale. Meli ziliishusha Kismayuu, malori yakaipeleka Dhobley na kuvuka mpaka hadi Garissa. Baada ya majeshi ya Kenya na washirika wao kuutwaa mji mwaka 2012, biashara haikukoma. Ripoti ya Journalists for Justice ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba tani 150,000 hivi kwa mwaka ziliingia Kenya kimagendo kupitia bandari hiyo. Ikumbukwe kwamba Baraza la Usalama lilikuwa limepiga marufuku makaa ya Somalia mwezi Februari 2012. Miti ikatoka, sukari ikaingia.

Historia ya stevia nayo ina wenyewe. Waguarani wa Paraguay waliuita ka'a he'ẽ, majani matamu, na kuutia katika vinywaji vyao zamani kabla Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, hajauandikia maelezo ya kisayansi mwaka 1899. Wakemia wa Kifaransa Bridel na Lavielle waliichuja steviosidi mwaka 1931, na Wajapani wakaifanya bidhaa ya soko katika miaka ya 1970. Mwaka 2008 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliweka kiwango cha kila siku kisichozidi miligramu 4 za stevioli kwa kilo moja ya uzito wa mwili. Kibali hicho kinahusu glikosidi zilizosafishwa kufikia asilimia 95. Jani lenyewe halimo. Maana yake kiuchumi ni kubwa: mkulima huuza jani, na thamani huzaliwa kiwandani. Zaidi ya hayo, mwaka 2023 WHO ilishauri vitia utamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, visitumiwe kwa lengo la kudhibiti uzito.

Mfano wa Kericho, unaotajwa mara kwa mara, unahitaji kusomwa kwa makini. Kericho na Kismayuu ziko karibu katika latitudo moja, takriban theluthi ya digrii kusini ya ikweta, na kwa hiyo mchana wao ni wa urefu uleule. Stevia ni mmea wa mchana mfupi: mchana wa saa 12 huuharakisha kuchanua, na majani hupungua. Kericho hufidia upungufu huo kwa mwinuko wa mita 2,000 hivi na mvua tele ya mwaka mzima. Kismayuu iko usawa wa bahari na hupata milimita 400 hivi. Pale, maji yatatoka Juba, yaani katika mifereji na mashamba yaleyale ya mto ambayo umiliki wake haujatulia tangu Mareerey.

Kwa mtazamo wa mwandishi, fedha za kwanza za utafiti zisiende kwenye kitalu. Ziende katika kupima chumvi ya visima vya Chula na Koyama msimu kwa msimu, na katika kuandika, kwa ushahidi wa Wagosha wenyewe, nani alilima wapi kabla ya mwaka 1977.