Kwa nini albamu kali inaweza kukosa namba moja? Fahamu kupitia Freddie Mercury

Ukikatiza Shangani, Mji Mkongwe, hukosi kuona watalii wakipiga picha nje ya makumbusho ya Freddie Mercury, yaliyofunguliwa mwaka 2019 katika Barabara ya Kenyatta. Mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa hapa Unguja Septemba 5, 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Wengi hudhani kila albamu ya Queen ilipanda moja kwa moja hadi namba moja. Wapi! Baadhi ya zile zilizopendwa sana hazikuwahi kufika. Iko hivi.

Chati inapima nini?

Chati ya albamu haipimi ubora, wala haijumlishi mauzo ya miaka yote. Inapanga albamu kwa mauzo ya wiki moja, ndani ya nchi moja. Wiki ikiisha, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo albamu inaweza kuuza mzigo mkubwa mwaka mzima, lakini kila wiki ikawepo nyingine iliyoizidi kidogo tu.

1. Umetoka wiki gani?

Novemba 1978 Queen walitoa albamu ya *Jazz*. Uingereza ilifika namba mbili, ikagota hapo. Juu yake kulikuwa na albamu ya nyimbo za filamu ya *Grease*, ya John Travolta na Olivia Newton-John, iliyoshika kilele kwa wiki 13 mfululizo kuanzia Oktoba mwaka huo. Tatizo halikuwa albamu, ni nani uliyekutana naye.

2. Kishindo au polepole?

Februari 1984 ikaja *The Works*, yenye vibao *Radio Ga Ga* na *I Want to Break Free*. Wakati inatoka, kileleni walikuwa wamekaa Thompson Twins na albamu yao *Into the Gap*. *The Works* nayo ikaishia namba mbili. Lakini haikupotea: ilikaa kwenye chati ya Uingereza zaidi ya wiki 90.

Hapo ndipo siri ilipo. Kuna albamu ambayo mashabiki wote wanaikimbilia wiki ya kwanza, inakamata namba moja, halafu inaporomoka. Kuna nyingine inauza kidogo kidogo kwa miezi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini chati haiangalii kibaba. Inaangalia ulichotia wiki hii.

3. Namba moja ya wapi?

*A Night at the Opera* ya mwaka 1975, yenye wimbo *Bohemian Rhapsody*, ilikuwa namba moja Uingereza. Marekani iliishia namba nne. Kati ya albamu zote za studio za Queen, ni *The Game* ya mwaka 1980 pekee iliyofika kileleni Marekani.

4. Wanahesabu vipi?

Zamani zilihesabiwa santuri, kanda na baadaye CD zilizouzwa dukani. Desemba 2014 chati ya Billboard ya Marekani ilianza kuingiza pia usikilizaji wa mtandaoni: nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500, ilihesabika kama nakala moja imeuzwa. Kanuni kama hizi hubadilishwa kila baada ya muda, na zikibadilika, nafasi nazo zinabadilika.

Mfano mzuri ni *Greatest Hits* ya Queen ya mwaka 1981. Ndiyo albamu iliyouza kuliko zote katika historia ya Uingereza, na Julai 2022 ilitangazwa kuvuka nakala milioni 7, ukijumlisha na usikilizaji wa mtandaoni. Marekani je? Iliingia kumi bora kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2020, ikashika namba nane. Miaka 39 baada ya kutoka!

Huku kwetu je?

Mashabiki wa Bongo Fleva na singeli nao hubishana kila siku kuhusu nani anaongoza kwa watazamaji YouTube, na msanii chipukizi akishindwa wiki ya kwanza huambiwa ameisha. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na unyago wa Unguja, hakujulikana kwa chati. Alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005, akiwa ameimba kwa miongo mingi.

Kwa hiyo ukiona posti inasema msanii fulani ni "namba moja", au kwamba "amefeli", jiulize mambo matatu kabla hujaisambaza: namba moja ya nchi gani, ya wiki ipi, na wamehesabu nini?