Chakavu ya Gede si ya kompyuta

Wadau, mabango ya shoo hapa Malindi yanapenda ile fonti chakavu, herufi zimemeguka kama ukuta wa zamani. Hata mimi naipenda. Lakini iangalie vizuri: kila "A" imemeguka palepale. Hapo ndo inajichoma.

Sasa nenda Gede, kwenye lile kaburi lenye tarehe. Kuna mtu alichora kwenye plasta mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Zaidi ya miaka 600! Kazi ya mkono haichakai sawa mara mbili.

Disaina, tumia chakavu kwenye kichwa tu, maandishi madogo hayatasomeka. Na kila herufi imegue kivyake. Uchakavu ni umri, na umri haudanganywi.