Mstari wa Rangi ya Chungwa

Ukihariri kwa Final Cut Pro, sehemu ya klipu iliyokwisha kutumika huwekewa mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Adobe Premiere Pro nayo ina safu inayohesabu klipu imetumika mara ngapi. Wengi wa rika langu huiona alama hiyo kama huduma ndogo tu ya programu. Kwangu ni mjukuu wa rafu na makapu.

Rafu zenyewe zimo katika filamu ya Dziga Vertov ya mwaka 1929, Man with a Movie Camera. Katikati ya filamu picha zinaganda, kisha tunamwona mhariri wake, Elizaveta Svilova, akiwa mezani na mikanda yake, vipande vimeviringishwa na kupangwa rafuni. Wahariri waliofuata walitundika vipande kwenye misumari juu ya makapu yaliyotandikwa kitambaa, na namba zilizochapwa pembezoni mwa mkanda zikawaonyesha kila kipande kilikotoka. Siku hizo hapakuhitajika alama ya ziada: ukikata kipande, kilipotoka panabaki pengo. Pengo ndilo lililosema kimetumika.

Kompyuta ililifuta pengo hilo. Tangu mifumo kama Avid/1 ya mwaka 1989, mhariri hakati chochote. Anaandika maagizo tu ya wapi pa kuanzia na wapi pa kuishia. Klipu moja inaweza kutumika mara kumi na bado ikabaki nzima. Ndiyo maana programu ikalazimika kutuchorea mstari.

Lakini mstari huo unatufundisha pia kutoona. Picha zilizopigwa kwa ajili ya Apocalypse Now ya mwaka 1979 zilizidi futi 1,250,000. Walter Murch, mmoja wa wahariri wake, alikadiria kwamba kwa kila dakika iliyobaki, nyingine zipatazo 95 ziliachwa. Sehemu kubwa ya kila kazi haina alama.

Je, isiyo na alama haina thamani? Esfir Shub alijibu mwaka 1927. Alichambua maelfu kwa maelfu ya mita za picha za zamani, zikiwemo zilizopigwa na wapigapicha wa mfalme wa Urusi ili kumtukuza, akazipanga upya kuwa The Fall of the Romanov Dynasty, filamu iliyoishtaki enzi hiyohiyo. Picha hazikubadilika. Swali ndilo lililobadilika.

Mimi huhariri masimulizi ya wazee. Saa sita za mazungumzo huzaa dakika ishirini, na diski inapojaa, programu iko tayari kunichujia yote yasiyotumika ili niyafute kwa mara moja. Humo mna bibi anayesita kabla ya kumtaja mumewe, mna jina la kisima kilichofukiwa, mna neno la kilugha ambalo wajukuu hawalijui. Filamu yangu haikuyahitaji. Mtu wa mwaka 2060 huenda akayahitaji kuliko filamu yenyewe.

Kwa hiyo sifuti kabla ya kuandika. Kila klipu isiyo na mstari naipa jina la msemaji, mahali, tarehe na jambo linalozungumzwa, kisha nainakili kwenye diski ya pili. Mstari wa chungwa unajua nilichotaka mwaka huu. Hauna habari ya atakachotafuta mwingine.