Dawa ya Nywele Ilitoka Wapi?

Ile dawa unayopakwa saluni ina historia yake.

Mnamo mwaka wa 1909 hivi, mjini Cleveland, Marekani, fundi wa cherehani Garrett Morgan alikuwa akitafuta maji ya kuzuia sindano isiunguze kitambaa cha sufu. Yasimuliwa kwamba alipangusa mikono kwa kitambaa chenye manyoya, na manyoya yakanyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani (maskini mbwa!), kisha kwa nywele zake mwenyewe. Mwaka wa 1913 akaanzisha kampuni ya kuiuza.

Baadaye zikaja dawa za kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Hukata viungo vya salfa ndani ya unywele, na unywele haurudi ulivyokuwa. Mafuta hupunguza ukavu na kukatika, basi. Nywele nzima ni zile zinazoota, karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hivyo mwambie msusi apake maotea peke yake. Kichwa kikianza kuwaka, ioshwe papo hapo. Ile "vumilia kidogo" ndiyo huleta vidonda.

Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2022, uliofuatilia wanawake 33,497, uliona saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya maradufu kwa waliotumia dawa za kunyoosha nywele kupita mara 4 kwa mwaka. Haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini mimi ningepunguza.

Na mkebe uufungie juu kabatini. Mtoto akiilamba dawa hiyo usimtapishe, kwani itamuunguza koo mara ya pili. Mkimbize hospitali, na mkebe uubebe.