Tawi Linalojua Mahali Pake

Mwaka 1965, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika Las Vegas, R. C. Daley wa MIT na P. G. Neumann wa Bell Labs waliwasilisha andiko kuhusu utunzaji wa mafaili katika mfumo mpya ulioitwa Multics. Walichopendekeza leo hata mtoto wa shule hakimshangazi: saraka, yaani folda, ibebe saraka nyingine ndani yake, na hiyo nayo ibebe nyingine, kadiri mtumiaji anavyotaka. Mti ukawa umepandwa, ila hakuna aliyeuona. Mwenye kuutumia aliubeba kichwani, akiandika njia ya faili herufi kwa herufi.

Mkutano huohuo ulipofanyika San Francisco, tarehe 9 Desemba 1968, mtafiti Douglas Engelbart aliketi mbele ya skrini na kwa dakika 90 hivi akaonyesha mambo ambayo ukumbi ule haukuwahi kuyaona. Watu hukumbuka zaidi kipanya. Kwangu, kubwa zaidi lilikuwa ile orodha ya manunuzi ya nyumbani: aliipanga kwa makundi, akayafunga makundi vikabaki vichwa vyake tu, kisha akayafungua tena. Kwa mara ya kwanza hadhira ile iliona mtu akiamua mwenyewe ni kiasi gani cha orodha kionekane, bila kupoteza hata kipengele kimoja.

Kompyuta za mezani zilichelewa kufika hapo. DOS, mfumo wa kuendesha kompyuta hizo, katika toleo lake la mwaka 1981 haikuwa na saraka ndani ya saraka, kwa kuwa diski laini ilibeba mafaili machache. Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta ya XT yenye diski kuu ya megabaiti 10, na DOS 2.0 ikaja na saraka zinazobebana. Megabaiti 10 zilitosha kabisa kumpoteza mtu, na ndiyo maana XTree, programu iliyotoka mwaka 1985, ilipokelewa vizuri: iliuchora mti wote kwa mistari, nawe ukatembea juu yake kwa vitufe vya mishale. Mwaka 1991 Apple wakaweka pembetatu ndogo ya kufungua na kufunga kando ya folda katika mfumo wao wa System 7. Mwaka 1995 Windows 95 ikaja na visanduku vya alama ya kujumlisha na kutoa.

Pamoja na visanduku hivyo, Microsoft waliwapa watengenezaji programu tawi la mti lililo tayari. Hawakuhitaji kulichonga upya. Lilikuja likiwa linajua kuitikia mishale ya kibodi, na hali yake liliitunza lenyewe. Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa wasioona. Ted Henter, mtaalamu wa programu aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya mwaka 1978, alikuwa ametoa JAWS mwaka 1989, programu inayosoma skrini kwa sauti. Mwaka 1997 Microsoft ilifungua njia rasmi ya programu za namna hiyo kuliuliza tawi: unaitwa nani, umefunguliwa au umefungwa? Tawi likajibu.

Mwaka huohuo wavuti ilianza kuupoteza urithi huo. Lugha ya HTML ilikuwa na orodha zinazobebana, lakini haikuwa na tawi la kufungua na kufunga. Vivinjari vya 1997 vilipowezesha kuficha na kuonyesha vipande vya ukurasa kwa JavaScript, kila mtengenezaji alijichorea mti wake kwa vipicha: kipicha cha folda, kipicha cha kujumlisha, vipicha vya mistari. Kwa mwenye macho ulifanana kabisa na ule wa Windows. Kwa kisoma skrini palikuwa na rundo la picha na viungo, bila mzazi wala mtoto, na mara nyingi kibodi haikufua dafu. Naona hasara hiyo haikuwa ya lazima. Watu waliiga sura ya kitu wakaacha maarifa yake.

Kuyarudisha kulichukua miaka mingi. Kikundi kilichofanya kazi chini ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, ambamo Rich Schwerdtfeger wa IBM alikuwa miongoni mwa viongozi, kiliandika kanuni za ARIA, zilizopitishwa rasmi tarehe 20 Machi 2014. Kwa kanuni hizo kipengele cha kawaida cha ukurasa hukitangazia kisoma skrini kwamba ni tawi la mti, kiko ngazi ya ngapi, ni cha ngapi kati ya ndugu zake, na kimefunguliwa au la. Tabia nayo ilielezwa katika mwongozo. Mshale wa kulia hufungua tawi lililofungwa, na likiwa wazi tayari hukupeleka kwa mtoto wa kwanza. Wa kushoto hulifunga, au hukurudisha kwa mzazi. Kitufe cha Tab huingia kwenye mti mara moja na kutoka, kwa sababu katika matawi yote ni moja tu linaloruhusiwa kushikwa nacho kwa wakati mmoja. Mtengenezaji asipofanya hivyo, mwenye mafaili elfu atabonyeza mara elfu kuuvuka.

Nayo miti imezidi kukua. Siku hizi watoto wa tawi mara nyingi huletwa kutoka kwenye seva pale tu linapofunguliwa, na matawi mengine hayamo kabisa kwenye ukurasa hadi msomaji ayakaribie. Kivinjari kikiachiwa kuhesabu, kitataja wale waliopo tu. Basi anayeunda tawi huandika idadi kamili ya ndugu kwa mkono wake, na asipoijua huweka hasi 1, ili asiyeona asiambiwe kuwa amefika mwisho ilhali orodha bado inaendelea.