Kushika Uwanja, Kuvunjika, Kupiku

Kitenzi kushinda kina maana mbili ambazo Mswahili huzitumia kila siku bila kuzichanganya. Timu imeshinda, mama ameshinda shambani. Ya kwanza ni kumzidi mpinzani, ya pili ni kukaa mahali tangu asubuhi hadi jioni. Sidai kwamba moja imeizaa nyingine. Lakini wapenzi wa vita vya mezani, wanaopanga askari wadogo waliopakwa rangi na kuvirudia vita vya kale kwa dadu na tepu ya kupimia, wanazihitaji zote mbili, maana swali gumu la mchezo wao huja mwishoni: nani ameshinda?

Bao hujimaliza lenyewe. Safu ya mbele ya mchezaji ikibaki tupu, kafungwa, na watazamaji hawabishani. Vita vya mezani havina mwisho wa namna hiyo. Muda unakwisha, majeshi bado yamesimama, na kila mmoja anaona dalili za ushindi upande wake. Maofisa wa Prussia walipoanza kufundishwa kwa mchezo huu, kwa kanuni za Georg von Reisswitz za mwaka 1824, mwamuzi alikaa kati ya pande mbili. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, naye ofisa wa Prussia, akatetea mchezo ambamo uzoefu wa mwamuzi unachukua nafasi ya dadu. Wanaocheza leo wawili peke yao hawana mtu huyo. Istilahi zao ndizo zitakazowaamulia, kwa hiyo sharti ziwe kali.

Ya kwanza ni kushika uwanja: kubaki mahali palipopiganiwa baada ya mwenzako kuondoka. Wagiriki wa kale waliamini kipimo hiki. Aliyeomba ruhusa ya kuchukua maiti wake alihesabiwa kuwa amekiri kushindwa. Huku ndiko kushinda kwenye harufu ya kushinda shambani. Hata hivyo, kipimo hiki hakitoshi. Pale Borodino, Urusi, tarehe 7 Septemba 1812, takribani watu 70,000 waliuawa au kujeruhiwa. Kutuzov, kamanda wa Warusi, alirudi nyuma, Napoleon akashika uwanja, na wiki moja baadaye akaingia Moscow. Lakini St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, ilipokea habari za Borodino kama za ushindi, na Kutuzov akapandishwa cheo kuwa Fildimasha. Jeshi lake halikuvunjika. La Napoleon liliteketea njiani likirudi.

Ndiyo maana tunahitaji istilahi ya pili, kuvunjika. Nachagua kauli ya kutendeka kwa makusudi: kuvunja jeshi ni kazi ya serikali, lakini jeshi huvunjika lenyewe ari ikiisha, hata kama wengi bado wazima. Kanuni za mchezo wa De Bellis Antiquitatis, zilizotolewa mwaka 1990, zimelielewa hili vizuri. Kila upande una vikosi 12. Anayepoteza vinne, tena vingi kuliko vya mwenzake, ameshindwa. Thuluthi tu imeanguka, na mchezo umekwisha, kwa sababu majeshi mengi ya kale yalikimbia kabla ya kumalizwa.

Ya tatu naichukua kwa wacheza karata: kupiku. Anayecheza kama Leonidas, mfalme wa Sparta aliyewazuia Waajemi pale Thermopylae, mwaka 480 KK, hawezi kushika uwanja, na kikosi chake kitaangamia. Kumwambia kwamba ameshindwa kabla hajakaa ni kumwonea. Apimwe kwa Leonidas mwenyewe: akiizuia njia kwa muda mrefu kuliko yule wa kweli, ameipiku historia, na ushindi ni wake.

Zikikosekana zote tatu, tuseme sare. Suluhu, neno ambalo watangazaji wa mpira hulitumia kwa mechi isiyo na mabao, tuiachie amani. Majeshi mawili yaliyochoka hayajapatana.

Borodino inaonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kushika uwanja na mwingine akaepuka kuvunjika, wote wawili wakajisifu. Kwa hiyo nawasihi wachezaji: kabla ya dadu ya kwanza kurushwa, andikeni kwenye karatasi ni lipi kati ya maneno haya matatu litakaloamua. Anayeuliza maana ya ushindi baada ya mchezo hatafuti tena mshindi, anatafuta hoja ya kujitetea.