Ng'ombe Walipokufa Njiani



Wapendwa waamini, mwaka 1876 Roger Price, mmisionari Mprotestanti wa London Missionary Society, aliswaga ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kwa jirani zetu. Walifika hai. Basi mwaka 1877 wenzake wakaja na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ndorobo wakawauma, nagana ikawamaliza. (Sisi tulio karibu na Mikumi twawajua ndorobo!)

Hivyo Mapadre Weupe walipoondoka Bagamoyo mwaka 1878, mizigo yao, pamoja na vifaa vya Misa, ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani. Vitabuni mapadre wanatajwa kwa majina, wapagazi kwa idadi tu. Mimi sioni haki hapo. Novemba, mwezi wa marehemu, tutawaombea kwenye Misa.